Nafasi ya Kunyoosha Miguu

Upana wa Hiace ya zamani, ile ambayo Dar es Salaam nzima tunaiita kipanya, haukupangwa na mtu aliyewahi kusimama kituo cha Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni. Ulipangwa Japani. Sheria za kule zina daraja la magari madogo, na gari likizidi mita 4.7 kwa urefu, 1.7 kwa upana au 2 kwa kimo, linahamishiwa daraja jingine pamoja na gharama zake. Kwa hiyo Toyota walipotoa kizazi cha nne cha Hiace mwaka 1989, lile toleo la kawaida walilibana ndani ya vipimo hivyo, likaishia upana wa mita 1.69. Toa unene wa bodi na vifuniko vya pembeni, inabaki mita moja na nusu hivi. Hiyo ndiyo tuliyogawana watu wanne wanne kwa kila mstari wa siti, miaka nenda miaka rudi. Ni kama sentimita 37 kwa kila mtu, wakati mabega ya mtu mzima huvuka 40, na konda bado anaita, "Sogea, sogea kidogo, mwenzako naye apate."

Hesabu hiyo haijanitoka kichwani tangu nilipoanza kung'oa siti za kipanya kimoja kilichokuwa daladala, nikigeuze gari la safari ambalo watu wanaweza kulala ndani yake. Kimeegeshwa uani kwetu Mbagala, chini ya mwembe. Ni namba A, na watu wa mjini wanajua maana yake: kiliposajiliwa, makonda wengine wa leo walikuwa bado wananyonya. Ubavuni kuna utepe wa rangi ya ruti yake, umefifia kwa jua. Nilikinunua kwa mtu aliyechoka kukilisha vipuri. Injini niliikuta ina nguvu zake, na nia yangu tangu mwanzo ilikuwa kuvua kila kilichomo ndani na kujenga upya kwa mikono yangu, kadiri mikono hiyo inavyofika.

Nafanya hivi kwa ajili ya mama. Magoti yake hayakunjiki tena, na kwao ni Nachingwea. Basi la Kusini anakaa kutwa nzima, miguu imebanwa na siti ya mbele, na akifika hushushwa na watu wawili. Msiba ukitokea kwao, hesabu ya kwanza inayofanyika nyumbani ni ya magoti yake, nauli inafuata. Safari mbili zilizopita amebaki. Aliketi kwenye mkeka na simu sikioni, akifuata mazishi ya watu wake kwa kusimuliwa.

Kuna na lile la barabara yenyewe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mvua iliikata barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili za maji. Abiria walilala pale pale walipokaa, vipaji vya nyuso vimeegemea siti za mbele, watoto mapajani. Mwaka 2025 maji yakarudi yakakata eneo lilelile. Nawaona wageni wanaoshuka na magari yao ya kulala kutoka mbali, wanapiga kambi fukwe za Kigamboni, wanaanika taulo milangoni. Wanapumzika, na ni haki yao. Kwetu sisi tunaokwenda Kusini, gari lenye mahali pa kumlaza mtu nalihesabu pamoja na tairi la akiba na jeki.

Jiji hili limebadilisha mara nyingi mawazo yake kuhusu nafasi anayostahili abiria. Shirika la mabasi la UDA lilipoanzishwa mwaka 1974, mtu wa Temeke alitazamiwa kupanda basi kubwa. Waliokuwepo wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Mabasi yakaharibika, fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwepo, foleni vituoni zikarefuka, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kuingiza magari yao barabarani. Tukapanda chai maharage, tukikaa kwenye mabenchi tumetazamana. Tukapanda vipanya. Baadaye vipanya navyo vikasukumwa pembezoni mwa jiji ili njia za katikati zichukue magari makubwa zaidi, na tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yanakwenda Kimara hadi Kivukoni kwenye njia yao wenyewe. Vipanya vyenyewe havikufa. Vingine vinabeba wanafunzi, vingine vinasambaza mikate na soda, vingine vimekatwa vipuri. Mwaka 2020, wakati wa korona, daladala ziliagizwa kubeba levo siti, yaani abiria waliokaa tu. Nakumbuka siku zile nilivyoshangaa kuona sakafu ya daladala kwa mara ya kwanza. Kumbe ilikuwa na nakshi.

Sakafu ya gari langu niliiona baada ya kazi nzito. Siti za Kijapani zilishaondoka zamani. Zilizokuwemo zilichomelewa mitaani kwetu kwa skwea paipu, zikafungwa kwa bolti zilizoliwa na kutu mpaka spana namba 14 ikawa inazunguka hewani, na nyingine zilikubali grenda tu. Siti ya kwanza niliichana kwa kisu cha fundi viatu nione ilivyoshonwa. Juu kabisa kulikuwa na leza nyeusi yenye mshono mwekundu. Chini yake leza ya bluu, imepasuka pembeni. Chini ya bluu kitambaa cha maua, kile kizito cha makochi. Chini kabisa sponji lililokuwa limegeuka vumbi la kijivu, ukilishika linamwagika. Kila mwenye gari alivisha juu ya alichokikuta. Hakuna aliyeona sababu ya kuvua, maana siti ikipelekwa kwa fundi leo lazima kesho alfajiri iwe barabarani, hesabu ya tajiri haingoji.

Kati ya siti na ukuta nilikuta sarafu ya 200 yenye sura ya Mzee Karume, penseli iliyotafunwa nyuma, kibanio cha nywele, na punje tatu za tasbihi. Hivyo nilivitarajia. Ambacho sikukitarajia kilikuwa migongoni mwa siti. Kila mgongo, kwa nyuma, leza ilikuwa imechubuka mahali pawili, usawa mmoja, imesuguliwa mpaka imepoteza rangi na kuwa laini. Nilikaa kwenye siti iliyofuata nione. Magoti yangu yaliingia palepale. Watu maelfu kwa maelfu, warefu kwa wafupi, mama ntilie na mafundi na wanafunzi, wamepigisha magoti sehemu zilezile mbili kila alfajiri na kila jioni mpaka pakawa na alama. Nilimwita mama aone. Aliugusa ule mchubuko kwa vidole, akaniambia niutoe mbali.

Chini ya mpira wa sakafu ndiko kulikokuwa na kazi ya kweli. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mpira uliowekwa juu ya bati bila kupumua unashika maji kama sahani. Tundu moja lilipitisha ngumi. Mafundi bodi watakuonyesha kitu ambacho wenye magari wengi hawakijui: chini ya milango na kwenye mbavu za chini, mtengenezaji ameacha vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, maji yanakaa ndani ya bodi msimu mzima na gari linaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. Nilivizibua kimoja kimoja kwa waya. Maji meusi yalitoka upande wa kulia, ya mvua za nani sijui.

Hapo niseme neno kuhusu kufanya mwenyewe. Ukiishi Temeke au Kinondoni, huna haja ya kujua kushika bisibisi. Kila kona ina fundi, na ufundi wake ndio ugali wa watoto wake. Jirani mmoja aliponiona nimelala chini ya gari aliniuliza kwa upole kama mambo yameniendea vibaya. Nimelifikiria swali lake kuliko alivyodhani. Mtu akijifanyia kila kitu kati ya mafundi, anaweza kuwa anawanyima riziki na pia anajinyima kazi bora. Kuchomelea sakafu sikujaribu. Bati jembamba linataka mkono uliochoma mengi. Nilichofanya ni kuwa saidia fundi kwenye gari langu mwenyewe. Nilishika bati, nilipiga msasa, nilipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nilikwenda kununua vijiti vya kuchomelea, na nililipa kazi kwa bei yake. Fundi alianza kuniambia sababu za mambo, kitu ambacho mteja anayesubiri kwenye benchi haambiwi. Aliniambia bati la sakafu huwekwa viraka vikubwa kuliko tundu, kwa sababu kutu huwa imeshatembea zaidi ya macho yanavyoona. Kwangu mimi, kufanya mwenyewe ni huko: kuwepo wakati kazi inafanyika, ujue kilichofichwa nyuma ya kila ubao.

Namna ya kupanga vitu ndani, wengi siku hizi wanaitafuta kwenye video za Wazungu. Wao wana magari marefu, baridi kali na fedha za kununulia friji. Mimi walimu wangu wapo Tandika, Mtoni na Manzese. Ni watu waliopanga chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi na wamelea humo watoto wanne. Ingia chumba cha namna hiyo kilichopangwa na mwanamke makini uone. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali, na chini yake kuna mabegi, ndoo ya unga, viatu vya shule na jiko la akiba. Pazia limekigawa chumba pawili, huku wageni huku kulala. Nyuma ya mlango kuna misumari, na kila msumari una kazi yake. Meza ni mfuniko wa sanduku. Hakuna kitu chenye kazi moja, na kila kitu kinachotumika alfajiri kimewekwa mahali ambapo mkono unakifikia gizani bila kumwamsha aliyelala.

Mpangaji mwenzetu wa chumba cha pili, mama wa makamo, alikuja siku moja kuangalia mchoro nilioupiga kwa chaki sakafuni mwa gari. Nilikuwa nimeweka kabati refu nyuma ya dereva. Alisimama mlangoni muda, mikono kiunoni.

"Kaka, maji ya kunywa umeyaweka wapi?"

Nikamwonyesha, huko nyuma, chini ya kitanda.

"Mgonjwa akitaka maji usiku, nani anainuka?"

Kabati likahama. Akanielekeza mengine: vyombo vizito vikae chini na katikati, vyepesi juu, kila mlango wa kabati ufungukie upande ambao mtu hakai, pazia lianzie darini mpaka sakafuni, kwa sababu mtu mzima anahitaji kuvaa bila kuonekana na wanawe hata ndani ya gari. Hili la pazia nisingeliwaza.

Walimu wengine ni madereva wa malori ya masafa, wanaokwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo. Foleni za mpakani zimewafundisha kuishi kwenye kabini. Wana kitanda nyuma ya siti, na ubavuni mwa tela wana sanduku la chuma ambalo mlango wake ukilazwa unakuwa meza ya kupikia. Jiko liko nje, moshi uko nje, na mvua ikinyesha kuna turubai. Niliwauliza wawili niliowakuta Mbagala kwa nini hawapiki ndani siku za mvua. Mkubwa kati yao alinijibu kwa kifupi kwamba mkaa humlaza mtu. Ni kweli kabisa. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala nayo haamki. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu na kuwa kibaraza, kwa hiyo jiko langu limekaa huko, kwenye droo inayovutwa nje mpaka mwisho, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 una sanduku lake lenye matundu kwa chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka.

Mbao nilizifuata Keko. Barabara ile yenye makochi na vitanda vilivyopangwa mpaka ukingoni mwa lami ni chuo, ukiwa na subira ya kusikiliza. Nilikwenda na wazo la mninga kila mahali, kwa kuwa ndio mti wa heshima kwetu. Seremala mmoja akanishusha taratibu. Mninga una sifa ambayo fundi yeyote ataiapia, kwamba ukishakauka hautembei: haupindi, haunywei hovyo msimu ukibadilika. Lakini una uzito, na gari hili linabeba uzito kwa springi zilizochoka. Makabati akanipa plaiwudi na mbao za misonobari kutoka Mufindi, zile za shamba la Sao Hill, nyepesi na rahisi kuranda. Mninga tukauachia fremu ya kitanda peke yake. Akanionya pia kuhusu misumari. Barabara ya vumbi hutingisha kila kiungo mara nyingi kwa dakika, na msumari hutoka wenyewe. Gundi na skrubu, na panapobeba uzito ni bolti inayopita upande wa pili, nati na washa ya springi.

Kitanda kinastahili maneno mengi kidogo, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza zaidi. Upana wa ndani haumtoshi mtu mzima kulala kwa kukingama, kwa hiyo kimekwenda na urefu wa gari, upande wa kushoto. Kimo chake kimeamuliwa na mwili wa mama: mtu mzima akikaa anachukua karibu sentimita 90 kutoka kitako hadi utosini, na nilitaka aweze kuketi kitandani na kuswali bila kuinamisha kichwa isipokuwa pale anaposujudu. Mpaka hapo ni futikamba tu. Tatizo lilikuwa unyevu. Ukiweka godoro la sponji juu ya ubao, joto la mwili na jasho hushuka usiku, hukutana na ubao uliopoa, na hukaa hapo. Ndani ya msimu mmoja wa masika, upande wa chini wa godoro una madoa meusi na harufu. Wenye magari ya namna hii duniani kote wanapigana na jambo hilo, na kuna maduka yanayouza nyavu za plastiki za kuinulia godoro.

Bibi zetu wa pwani hawakuwa na tatizo hilo. Walilalia kitanda cha kamba, na upepo ulipita chini. Nikamtafuta mzee mmoja wa Mtongani ambaye bado anawamba vitanda. Alikagua fremu kwanza. Alibisha hodi kwenye kila mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaridhika na mninga. Kamba zilizokazwa huvuta mbao za pembeni kuelekea katikati kwa nguvu ambayo sikuidhania, na mti laini hupinda. Alichagua kamba za usumba, akasema za ukindu ni laini mwilini ila usumba unavumilia maji; ndiyo maana, alisema, makumbi hufukiwa matopeni miezi mingi na nyuzi zake hutoka nzima. Alianzia upande wa miguuni. Kamba inapita juu, chini, inavutwa, inapigwa kwa kipande cha mti mpaka inatoa sauti kavu, ndipo anakwenda ya pili. Hakupima. Alikuwa anapiga na kusikiliza, na kamba isiyolia kama wenzake aliirudia. Alipomaliza alinikataza kuilalia nikitegemea itabaki hivyo. Kamba mpya hulegea, inabidi zikazwe tena baada ya wiki chache, na mwisho mmoja aliuacha mrefu kwa kazi hiyo.

Mengine nayapita haraka. Paa nililipaka rangi nyeupe kwa nje. Kwa ndani niliweka ile karatasi inayong'aa ya kuzuia joto, na kati yake na bati niliacha uwazi wa vidole viwili hewa ipite. Bila uwazi, karatasi yenyewe inageuka pasi. Madirisha yana wavu wa mbu uliofungwa kwenye fremu zinazotoka, kwa ajili ya malaria ya usiku na dengi ya mchana, ambayo tuliiona Dar mwaka 2014 na tena 2019. Umeme ni paneli moja ya wati 100 na betri yake ya pembeni. Siku ya jua zuri inatoa kama wati-saa 400, na feni ya wati 20 ikizunguka usiku kwa muda wa saa nane inakula 160. Hiyo inatosha. Feni ndiyo anasa pekee niliyoikubali, na Januari ya Dar es Salaam haimwachi mtu aiite anasa.

Jambo moja lilinisumbua kuliko yote, nalo ni kwamba kitanda ndani ya gari linalotembea kinadanganya. Mtu aliyelala bila mkanda, gari likifunga breki ghafla, anaruka na hakuna kinachomshika. Kwa hiyo kitanda ni cha gari lililosimama. Wakati wa mwendo mama atakaa siti ya kweli, nyuma ya dereva, ya gari dogo lililokatwa, mgongo unaolazwa kidogo na mkanda wa pointi tatu uliofungwa kwenye chuma cha bodi. Mbele ya siti hiyo hakuna kitu. Kuna sanduku moja fupi, limefungwa sakafuni, lina godoro dogo juu, na ndipo miguu yake itakapolala imenyooka kutoka Mbagala mpaka Nachingwea. Ukiniuliza gari lote limejengwa kwa ajili ya nini, ni kwa sanduku hilo. Vingine vyote vimelizunguka.

Kwenye kadi ya gari idadi ya abiria ni 15. Ili liwe gari binafsi lenye watu wachache linapitia mamlaka ya mapato, TRA, kadi inabadilishwa, na namba nyeupe za biashara zinabanduliwa na kuwekwa za njano. Nililifuatilia hilo nikiamini mpangilio umekwisha: mama, mke wangu, watoto wawili mbele na pembeni, mimi usukani. Nilimwita mama aje ajaribu. Tulimpandisha kwa kigoda, akakaa, akaiweka miguu juu ya sanduku. Ilinyooka yote. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaanza kuangalia huku na huku, kitanda, makabati, pazia, ile sakafu kubwa iliyobaki tupu upande wa nyuma.

"Mwanangu, na wengine watakaa wapi?"

Nikamwambia hakuna wengine, gari ni lake.

"Litatoka Mbagala kwenda kwetu, lipite watu wamesimama vituoni na mizigo, wengine tunawajua, halafu limebeba makabati?"

Sikuwa na jibu la kumpa mama. Nimeshika brashi ya rangi mkononi, nimetumia miezi kupigana na kubanana, na aliyeumizwa zaidi na kubanana ndiye anayeniuliza habari za waliobaki kituoni. Nilijaribu kumweleza kuwa watu wakizidi, nafasi yake ndiyo itakayoliwa kwanza, kama ilivyoliwa miaka yote. Alikubali kuwa ni kweli. Hakubadilisha swali. Nafikiri yeye na mimi tuliuelewa ule mchubuko wa migongoni mwa siti kwa namna mbili. Mimi niliona watu walivyonyimwa nafasi. Yeye aliwaona watu wenyewe, na kwamba walifika.

Basi kitanda kimekatwa. Mzee wa Mtongani alirudi, akazifungua kamba zake bila kunilaumu, akawamba fremu mbili mahali pa moja, ndefu na fupi, zilizounganishwa kwa bawaba. Ile fupi ikiinuliwa inakuwa mgongo wa benchi linalokwenda upana mzima wa gari, nyuma. Fundi aliyeziba sakafu amechomelea miguu ya benchi hilo, na bolti zake zinapita chini ya gari kwenye kipande cha chuma bapa ili zisichomoke. Nimemwekea mama sharti la watu watatu, watatu tu, kila mmoja na mkanda, na matundu ya mikanda yametobolewa ya watu watatu ili hata mimi mwenyewe nisije nikashawishika siku za sikukuu. Kadi imeombwa kwa watu wanane.

Kinachosubiriwa sasa ni mikanda hiyo na mvua zipungue. Mama ameshapiga simu. Nafasi moja ni ya shangazi, nyingine ni ya kijana wa jirani anayesoma Lindi. Ya tatu anasema tusiijaze mapema, kwa sababu pale Kibiti huwa hakukosi mtu.